Padi za Kisasa kwenye Kompyuta za Nyumbani za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980 ambayo bado inawaka, na ambaye angependa kucheza kwa padi ya michezo ya siku hizi badala ya joistiki ya zamani iliyolegea. Mfano mkuu ni Commodore 64, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, kwa kuwa ndiyo ambayo wengi huanza nayo na tundu lake linafanana na la mashine nyingi. Mashine nyingine zinatajwa pale zinapotofautiana nayo, na tofauti hizo ndizo zinazounguza chipu.

Kwa nini nisinunue tu waya wenye plagi ya USB upande mmoja na plagi ya pini tisa upande wa pili?

Kwa sababu waya hauwezi kutafsiri. Padi ya USB ni kifaa kinachosubiri kuulizwa: kinapochomekwa hujitambulisha, hueleza kina vitufe vingapi na vijiti vingapi, kisha hutuma pakiti za data kila mara kinapoulizwa na kompyuta mwenyeji. Tundu la joistiki la Commodore 64 halijui lolote kati ya hayo, na halingeweza kujua, maana kiwango cha kwanza cha USB kilitolewa mwaka 1996. Katikati ya viwili hivyo lazima kuwe na adapta, yaani kifaa chenye chipu yenye programu.

Nyaya za bei nafuu zenye plagi hizo mbili zipo madukani, lakini nyingi ni za mawasiliano ya serial ya RS-232, ambayo kwa mujibu wa kiwango chake yanaweza kufikia volti 15 chanya na volti 15 hasi. Plagi inafanana, kazi haifanani kabisa, na mashine ya volti 5 haina sababu ya kukutanishwa na waya wa namna hiyo hata kwa majaribio.

Tundu la joistiki la zamani linafanyaje kazi?

Mpangilio wake ulienezwa na Atari 2600 ya mwaka 1977, na ni mwepesi kiasi cha kushangaza. Ndani ya joistiki kuna swichi tano tu: juu, chini, kushoto, kulia na kitufe cha kufyatulia. Kila swichi ina waya wake, na zote zinashiriki waya mmoja wa graundi, yaani wa volti sifuri. Mchezaji anaposukuma kijiti juu, swichi ya juu huunganisha pini ya 1 na pini ya 8, ambayo ni graundi. Anapoachia, pini ya 1 hubaki haijaunganishwa na kitu chochote. Kompyuta yenyewe ndiyo inayoivuta pini hiyo iwe juu, karibu na volti 5, inapokuwa imeachwa huru.

Kwenye Commodore 64 pini ya 1 ni juu, ya 2 ni chini, ya 3 ni kushoto, ya 4 ni kulia, ya 6 ni kitufe, ya 7 inatoa volti 5, na ya 8 ni graundi. Pini ya 5 na ya 9 zimewekwa kwa ajili ya vifaa vya kuzungusha, na zinasomwa na SID, ambayo ni chipu ya sauti. Nyaya tano za swichi zinakwenda kwenye chipu ya 6526, maarufu kama CIA, ambayo pia ndiyo inayosoma kibodi. Jambo hilo la mwisho litarudi mara nyingi katika majibu yanayofuata, kwa kuwa karibu matatizo yote ya adapta za Commodore 64 yanatokana nalo.

Kutokana na hayo sharti la adapta ni moja: ijifanye swichi. Iunganishe waya na graundi au iuachie huru, basi. Isisukume umeme kwenye nyaya hizo tano hata mara moja.

Nina padi ya Sega Mega Drive, na plagi yake inaingia sawasawa. Si itafaa?

Itaingia, na mara nyingi itaonekana kufanya kazi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Padi ya Mega Drive inatarajia kupata volti 5 kwenye pini ya 5, ilhali pini ya 7 ni waya ambao koni (mashine ya michezo) ya Sega huutumia kuchagua kundi la vitufe linalosomwa. Kwenye Commodore 64 volti 5 zipo kwenye pini ya 7. Chipu iliyomo ndani ya padi inaishia kujilisha umeme kupitia mguu ambao haukukusudiwa kupitisha umeme wa kulisha, na michezo inachezeka kwa bahati tu.

Kibaya zaidi ni kwamba chipu hiyo haiachii nyaya zake huru: kitufe kisipobonyezwa, inausukuma waya juu kwa nguvu. Kompyuta inapokagua kibodi huzishusha nyaya hizohizo hadi karibu na volti sifuri, mara nyingi kwa sekunde moja. Kwa hiyo padi inasukuma juu, CIA inavuta chini, na mkondo unapita kati ya chipu mbili ambazo hazikutengenezwa kushindana. CIA haitengenezwi tena. Mwenye kutaka kutumia padi hiyo abadilishe waya wa pini ya 5 na ya 7 kwa adapta, na aweke diodi ndogo kama 1N4148 kwenye kila waya wa ishara, ili padi iweze kuvuta chini lakini isiweze kusukuma juu.

Mashine za MSX nazo zina volti 5 kwenye pini ya 5, graundi yake iko kwenye pini ya 9, na pini ya 8 ni waya ambao kompyuta yenyewe huuendesha. Adapta ya Commodore isichomekwe kwenye MSX, wala ya MSX kwenye Commodore, bila kubadilishwa nyaya.

Ndani ya adapta kuna nini?

Kuna hatua tatu. Ya kwanza ni kupokea padi, iwe kwa USB, kwa Bluetooth au kwa waya wa koni ya zamani. Ya pili ni mikrokontrola, yaani chipu ndogo yenye programu, inayoamua kitufe gani cha padi kiwe swichi gani ya joistiki. Ya tatu ni transista au chipu ya kutolea ishara, inayogusana na tundu la kompyuta. Watu hutumia muda mwingi kwenye hatua ya kwanza kwa sababu ndiyo yenye programu na ndiyo ya kusisimua, lakini kwa maoni yangu adapta hupimwa kwa hatua ya tatu.

Kwa nini nisiunganishe pini za mikrokontrola moja kwa moja na tundu?

Hapa inategemea chipu. Bodi za Arduino za volti 5, kama zile zenye ATmega328, zinaweza kuunganishwa moja kwa moja ikiwa programu imeandikwa kwa uangalifu: pini inawekwa kuwa ya kupokea wakati kitufe hakijabonyezwa, na inageuzwa kuwa ya kutoa ikiwa na sifuri (volti 0) wakati kimebonyezwa. Haiwekwi kamwe kuwa ya kutoa ikiwa na moja (volti 5). Kosa dogo la mstari mmoja kwenye programu, au sekunde ya kuanza kabla programu haijashika, linatosha kuvunja kanuni hiyo, ndiyo maana hata hapa wengine huongeza diodi.

Bodi nyingi za sasa, zikiwemo Raspberry Pi Pico na zile za ESP32, zinafanya kazi kwa volti 3.3, na watengenezaji hawakuziidhinisha kupokea volti 5 kwenye pini zake. Ni kweli kwamba uvutaji wa juu ulio ndani ya CIA ni dhaifu, na kuna watu wameunganisha Pico moja kwa moja bila madhara waliyoyaona. Mimi sishauri hivyo. Transista tano ni bei ya soda.

Mpangilio wa kawaida ni huu: transista ya NPN kama BC547 au 2N3904 kwa kila waya, emita kwenye graundi, kolekta kwenye pini ya tundu, na rizista ya kilo-omu 4.7 kati ya pini ya mikrokontrola na besi ya transista. Mikrokontrola ikitoa moja, transista hufunga kama swichi na waya hushuka hadi karibu volti 0.1 au 0.2, ikitoa sifuri, waya huachwa huru. Bodi ikizimwa au ikianza upya, transista zote hufunguka na kompyuta huona joistiki iliyotulia. Badala ya transista moja moja inaweza kutumika chipu ya 7407, yenye njia sita, na matokeo yake ni aina hiyohiyo ya kuvuta chini au kuachia, isipokuwa yenyewe haigeuzi ishara.

Chipu ya ULN2003 hupendwa kwa kuwa ina njia saba na rizista zake zimo ndani. Tatizo ni kwamba kila njia ina transista mbili zilizobebana, hivyo haiwezi kushusha waya chini ya takriban volti 0.7, nayo chipu ya kizamani inaanza kutilia shaka sifuri inapozidi volti 0.8. Pengo la volti 0.1 ni dogo mno. Adapta inayofanya kazi asubuhi na kusahau upande wa kushoto mashine ikipata joto huwa ni ya namna hii.

Umeme wa adapta utoke wapi?

Mwongozo wa waandishi wa programu wa Commodore 64 unaweka kikomo cha miliampia 50 kwenye pini ya 7. Mikrokontrola ya kawaida na padi ya SNES (koni ya Nintendo) zinaishi humo bila shida. ESP32 yenye redio iliyowashwa inaweza kuvuka miliampia 100 kwa vipindi vifupi, na padi ya USB yenye taa na mota za mtikisiko inaweza kutaka zaidi ya hapo. Kiwango cha USB 2.0 kinairuhusu hadi miliampia 500.

Kwa adapta za USB na za Bluetooth ni salama zaidi kutumia chaja ya simu au chanzo kingine cha nje. Unganisha graundi ya chanzo hicho na pini ya 8, lakini pini ya 7 uiache bila waya. Vyanzo viwili vya volti 5 vikiunganishwa, kimoja kitajaribu kukilisha kingine, na kompyuta iliyozimwa itaanza kuwaka nusunusu kupitia tundu la joistiki.

Nichague USB au Bluetooth?

Kwa USB, bodi lazima iweze kuwa mwenyeji, yaani iwe upande unaoiuliza padi. Hapa kuna mtego wa kila siku: bodi ya Pro Micro yenye ATmega32U4 ina tundu la USB na inasifika sana kwa kutengenezea joistiki za kompyuta za kisasa, lakini yenyewe ni kifaa, si mwenyeji, kwa hiyo haiwezi kusoma padi. Unahitaji ama kuongeza chipu ya MAX3421E, ama kutumia Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4 na ambayo chipu yake ya RP2040 inaweza kuwa mwenyeji. Kumbuka pia kwamba padi za Xbox hazifuati aina ya kawaida ya HID (ile ya vifaa kama kibodi na kipanya) bali zina itifaki yao, hivyo programu inayosoma padi nyingine zote huweza kuikataa ya Xbox mpaka iongezewe msaada wake.

Kwa Bluetooth, kazi kubwa imeshafanywa. Programu huria ya Bluepad32, iliyoandikwa na Ricardo Quesada, inatambua padi za PlayStation, Switch, Xbox zenye Bluetooth na nyinginezo, na mradi wake wa Unijoysticle ulianzishwa mahususi kwa ajili ya Commodore 64. Angalia aina ya ESP32 unayonunua: ile ya awali ina Bluetooth ya kawaida pamoja na ile ya nishati ndogo, ilhali ESP32-S3 na ESP32-C3 zina ile ya nishati ndogo tu. DualShock 4 na padi ya Switch Pro hutumia Bluetooth ya kawaida, kwa hiyo haziwezi kuungana na hizo mpya, hata kama namba kwenye boksi ni kubwa zaidi. Padi zisizo na waya za Xbox 360 na zile za kwanza za Xbox One za mwaka 2013 hazina Bluetooth kabisa. Hutumia redio ya Microsoft yenyewe.

Je, kuna njia rahisi zaidi ya hizo mbili?

Ipo, nayo ni padi ya SNES, ya asili au mojawapo ya nakala mpya zenye plagi ileile. Ndani yake kuna chipu za kuhamisha biti zinazotumia volti 5 na nyaya tatu za ishara. Mikrokontrola inatuma mpigo mmoja wa kunasa hali ya vitufe, kisha inapiga saa mara 16 na kusoma biti moja kila pigo. Vitufe 12 viko ndani ya biti hizo. Usomaji mzima huisha kwa takriban milisekunde 0.2. Hakuna kujitambulisha, hakuna kuoanisha, hakuna betri. Anayetengeneza adapta kwa mara ya kwanza aanze hapa, kwa sababu ikikataa kufanya kazi atajua kosa liko kwenye kulehemu au kwenye nyaya, si kwenye maktaba ya programu iliyoandikwa na mtu mwingine.

Padi ya kisasa kupitia adapta haitachelewa?

Itachelewa kidogo, lakini kipimo cha kulinganisha ni fremu. Commodore 64 ya PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya, huchora picha takriban 50 kwa sekunde, yaani fremu moja ni karibu milisekunde 20, na michezo mingi husoma joistiki mara moja tu kwa fremu. Padi ya USB huulizwa kila baada ya milisekunde 1 hadi 10 kutegemea ilivyojieleza, na Bluetooth huongeza milisekunde kadhaa. Ucheleweshaji wa namna hiyo unaweza kukukosesha fremu moja mara kwa mara, na mchezaji hodari wa michezo ya kuruka atauhisi. Hata hivyo, anayelalamika sana kwanza atazame televisheni yake, kwa sababu televisheni bapa inayosafisha picha kabla ya kuionyesha huchelewesha zaidi kuliko adapta yoyote iliyoandikwa vizuri. Iweke kwenye hali ya michezo, kisha uamue upya.

Kijiti cha analogi kinageuzwaje kuwa joistiki ya swichi?

Padi nyingi hueleza mahali pa kijiti kwa namba kuanzia 0 hadi 255 kwa kila mhimili, na katikati ni kama 128. Kijiti halisi hakirudi katikati kamili, kwa hiyo lazima kuwe na eneo mfu ambalo ndani yake adapta haitoi ishara yoyote. Njia ya kivivu ni kuweka mpaka kwa kila mhimili peke yake. Inafanya kazi, ila inaufanya mshazari uwe mgumu au rahisi kupita kiasi kulingana na mpaka uliouchagua. Njia nzuri ni kupima umbali wa kijiti kutoka katikati, kisha pembe yake, na kugawa duara katika vipande vinane vya nyuzi 45, ili juu, kwa mfano, iwe nyuzi 22.5 kila upande wa wima.

Ongeza pia tofauti ndogo kati ya mpaka wa kuingia na wa kutoka. Bila hiyo, kidole kinachotetemeka kwenye mpaka kitawasha na kuzima swichi mara nyingi kwa sekunde, jambo ambalo swichi ya chuma haikulifanya kwa kiwango hicho.

Na kuna jambo ambalo waandishi wa michezo wa wakati ule hawakulifikiria: kushoto na kulia kwa pamoja. Kijiti kimoja cha zamani hakiwezi kuelekea pande mbili zinazopingana, kwa hiyo baadhi ya michezo haikuandikwa kuvumilia hali hiyo. Padi yenye vitufe vya mwelekeo pamoja na kijiti inaweza kuizalisha kirahisi. Adapta iikatae: ikipokea pande zinazopingana, iziachie huru zote mbili.

Padi ina vitufe zaidi ya kumi, kompyuta inasoma kimoja. Vingine vifanye nini?

Chenye faida kubwa kuliko vyote ni kitufe cha kuruka. Michezo mingi ya Commodore 64 huruka kwa kusukuma kijiti juu, kwa sababu kitufe cha pekee kilikuwa kimeshachukuliwa na kufyatua. Kitufe cha pili cha padi kikipangwa kuwa "juu", mchezo hujisikia mpya bila kubadilishwa hata biti moja. Kingine kinaweza kuwa cha kufyatua mfululizo. Weka mapigo yasizidi kama kumi kwa sekunde, kwa kuwa mchezo unaosoma mara moja kwa fremu utayapoteza yaliyo ya haraka zaidi.

Kitufe cha pili cha kweli ni suala gumu zaidi. Amiga hukisoma kwenye pini ya 9 kikiunganishwa na graundi. Commodore 64 haiwezi kukiona kwa njia hiyo: SID hupima muda ambao kapasita huchukua kujaa kupitia pini ya 9, na pini iliyoachwa wazi husomwa 255, sawasawa na pini iliyowekwa kwenye graundi. Ndiyo maana Commodore 64GS ya mwaka 1990 ilifuata utaratibu wa kinyume, kitufe cha pili kikiunganisha pini ya 9 na volti 5, na thamani ikaanguka karibu na sifuri. Adapta inayotaka kuhudumia mashine zote mbili inahitaji swichi ya kuchagulia, na mwenye adapta anahitaji kukumbuka kuibadilisha.

Kumbuka kwamba Amiga CD32 ya mwaka 1993 ilikuwa na padi ya vitufe saba iliyosomwa kwa kuhamisha biti kupitia pini hizohizo tisa. Kuiga padi hiyo kunawezekana, lakini huo ni mradi wa peke yake.

Nichomeke tundu la 1 au la 2?

La 2, isipokuwa mchezo useme vingine. Tundu la 1 linashiriki nyaya ambazo kompyuta husomea kibodi, kwa hiyo ukibonyeza kitufe cha kufyatulia ukiwa kwenye BASIC (lugha ya programu inayofunguka kompyuta ikiwashwa) utaona nafasi zikiandikwa kwenye skrini kana kwamba kuna mtu ameegemea kibodi. Si adapta iliyoharibika. Waandishi wengi wa michezo waliikwepa kero hiyo kwa kuchagua tundu la 2, na mazoea yakabaki.

Amstrad CPC ina pini tisa pia. Kuna tofauti gani?

Ni kubwa, na inawapata wengi. Kwanza, tundu la Amstrad CPC halitoi volti 5 popote. Pili, pini ya 8 si graundi. Ni mstari mmoja wa jedwali la kibodi, ambao huvutwa chini kwa muda mfupi tu kompyuta inapouliza hali ya joistiki. Ukitumia transista zilizofungwa kwenye graundi, waya wa mwelekeo wa juu utashushwa wakati wote unaposukuma juu, na kompyuta itaamini kwamba kitufe kimoja kimebonyezwa katika kila mstari wa kibodi.

Suluhisho ninalolipenda ni vitenganishi vya mwanga vya bei nafuu kama PC817, kimoja kwa kila upande na kila kitufe: kolekta kwenye waya wa mwelekeo, emita kwenye pini ya 8, na taa ya ndani iendeshwe na mikrokontrola kupitia rizista. Mikrokontrola inalishwa na chaja yake na haigusani kabisa na graundi ya Amstrad. Kitenganishi hicho si cha kasi, lakini hapa kasi haihitajiki, kwa sababu taa hubaki imewaka muda wote kitufe kinapobonyezwa na kompyuta hukuta njia imeshaunganishwa.

Na ZX Spectrum, ambayo haina tundu lolote?

ZX Spectrum ya awali ya mwaka 1982 hupata tundu kupitia kiunganishi kinachochomekwa nyuma. Cha Kempston ndicho kinachoungwa mkono zaidi. Husomwa kwenye bandari ya 31, na tofauti na Commodore, biti zake huwa moja pale swichi inapofungwa. Hilo linashughulikiwa na kiunganishi chenyewe, hivyo adapta ya kuvuta chini inafaa bila kubadilishwa. Hakikisha kwa mita kama pini ya 7 ina volti 5, maana si viunganishi vyote vinavyozileta. Spectrum +2 ina matundu yake yenyewe, lakini nyaya zake zilipangwa kivyake kabisa na zinahitaji adapta ya peke yake.

Apple II na BBC Micro?

Hizo husoma vijiti vya analogi, si swichi. Apple II hupima ukinzani wa hadi kilo-omu 150, na BBC Micro hupima volti. Transista hazitoshi, inatakiwa rizista ya kidijitali kwa ya kwanza, na chanzo cha volti kinachorekebishika kwa ya pili. Faida yake ni kwamba kijiti cha padi ya kisasa hatimaye hutumika kikamilifu.

Nitapimaje adapta kabla ya kuiamini?

Anza bila kompyuta. Weka mita kwenye kipimo cha ukinzani, ukipima kati ya pini ya 8 na kila pini ya ishara, na uhakikishe kwamba hakuna shoti kati ya pini ya 7 na ya 8. Kisha izime kompyuta, chomeka, halafu iwashe. Usichomeke wala kuchomoa mashine ikiwa imewashwa, na usiguse pini za tundu kwa kidole, kwani umeme tuli wa mwilini unaweza kuua CIA.

Kwenye Commodore 64 andika mstari huu:

10 PRINT PEEK(56320): GOTO 10

Adapta ikiwa imetulia kwenye tundu la 2, utaona 127. Juu inatoa 126, chini 125, kushoto 123, kulia 119, na kitufe 111. Mishazari hutoa tofauti zilizojumlishwa. Juu na kulia kwa pamoja, kwa mfano, ni 118. Ukiona 115 umepata kushoto na kulia kwa wakati mmoja, nayo ni programu ya adapta inayohitaji kurekebishwa. Namba ikicheza yenyewe bila kugusa padi, eneo mfu ni dogo mno au graundi haijashika vizuri.

Kwenye kompyuta za Atari za biti 8 tumia PRINT STICK(0), ambayo hutoa 15 ikiwa imetulia, na STRIG(0), ambayo hushuka kuwa 0 kitufe kikibonyezwa. MSX ina STICK(1), yenye 0 kwa utulivu na namba 1 hadi 8 kuzunguka kama mishale ya saa kuanzia juu. Amstrad hutumia JOY(0), na Spectrum yenye Kempston hutumia IN 31.

Programu inafanya kazi, lakini plagi haiingii hadi mwisho. Nifanyeje?

Plagi za DE-9 zinazouzwa siku hizi, ambazo wauzaji wengi huziandika DB9, zimetengenezwa kwa ajili ya vifaa vya ofisini: zina skrubu pembeni na ganda pana. Matundu ya zamani hayana sehemu ya kupokea skrubu hizo, na kwenye baadhi ya mashine, kama zile Atari ST ambazo matundu yake yamejificha chini ya kibodi, ganda pana halipiti kabisa. Nunua plagi ya kike, kwani pini ziko upande wa kompyuta, kisha ng'oa skrubu na utumie ganda jembamba au uifunge kwa tepu ya umeme juu ya mpira wa kusinyaa. Kwa Atari ST ni afadhali kuweka waya mfupi wa kuongezea na kuuacha hapo siku zote, ili kuchomeka na kuchomoa kwa kila siku kuchakaze waya wa kuongezea badala ya tundu lililolehemiwa kwenye bodi.